Chini ya jeki, kabla ya Handeni

Saa sita mchana Korogwe hunuka vitu viwili: kuku wa kukaanga na breki zilizopata moto. Mabasi ya Moshi na Arusha yamejipanga kando ya barabara kuu. Abiria wanakula mbiombio, jicho moja kwenye sahani na jingine kwa kondakta, maana honi ikishalia hakuna atakayekusubiri umalize paja. Wachache sana hugeuza shingo kutazama njia inayochepuka kwenda Handeni. Ni kilomita 65, lami tupu siku hizi, na hata bodaboda huenda na kurudi kabla jua halijawa kali.

Mimi naitazama kwa jicho la mgonjwa. Ugonjwa wangu ni magari ya zamani, yale yenye boneti ndefu na milango miwili, yaliyotengenezwa wakati kabureta ni kabureta na hakuna kompyuta ya kumwambia fundi kinachouma. Nikifika Korogwe nahesabu kilomita zile 65, kisha nahesabu zile za vumbi zinazoanza Handeni ikiisha, kuelekea Kibirashi, na kujiuliza gari la umri wangu lingefika wapi.

Wenye umri wanajua kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa hadharani kila mwaka. Mbio za magari za Safari zilianzishwa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye zikazoeleka kama mbio za Pasaka, wakati ambao masika huwa yameshabisha hodi. Mkoa wa Tanga haukukwepeka. Anayetoka Dar es Salaam kwenda kaskazini kwa kawaida hupita Korogwe, na milima ya Usambara iliyo juu yake ilikuwa mojawapo ya sehemu ambazo madereva wa Ulaya walizikumbuka walipolala. Mwaka 1972 mbio hizo zilianzia Dar es Salaam kwenyewe. Kuanzia 1974 zikabaki Kenya peke yake, na miaka mitatu baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika.

Tulikuwa na bingwa wetu. Bert Shankland, mzaliwa wa Uskochi aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam, alishinda 1966 akiwa na Chris Rothwell, kisha wakarudia 1967. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, Pijo ileile ambayo wengi wetu tuliijua kama teksi na gari la mganga mkuu wa wilaya. Halikuwa gari lenye kasi kuliko yote yaliyoanza. Ila lilifika.

Nasema hivyo kwa sababu kufika ndiko kulikokuwa shughuli. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mengine yalizama kwenye tope, yakavunja springi, yakachemsha, yakaishiwa mafuta kwa sababu jiwe limetoboa tangi, au yakazimika tu gizani kwa waya mmoja ulioachia. Ukimpelekea fundi mzoefu gari la zamani na kumwambia unataka kulitia kwenye mbio, swali lake la kwanza litakuwa fupi: bosi, unataka likimbie au unataka lifike? Vijana wengi hujibu haraka mno. Wanaanza na ekzosi ya kelele, wanafuata rimu pana, wanamalizia na bawa la nyuma lililochongwa kwa fibaglasi. Gari linalia kama radi hadi Segera, na hapo Segera ndipo linapolala.

Tuseme basi umepata gari lenyewe, na kwa kuwa ndoto haina kodi, tuseme ni Datsun 240Z. Lilizinduliwa Japani 1969, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma. Dereva hukaa nyuma kabisa, karibu na magurudumu hayo, boneti imenyooka mbele yake kama mtumbwi. Wajapani walilitengeneza wakiwalenga Wamarekani, lakini sifa yake ya uvumilivu ilipatikana huku kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z, na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta ikawa ya pili. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imetoka kufukuzwa na Idi Amin, alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden. Ushindi akapewa Mehta, aliyekuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Siku tano za tope zikaamuliwa na nani alichelewa kuadhibiwa.

Kulipata gari hilo leo ni kazi. Ukiliagiza nje, bei yake imepanda kwa sababu wakusanyaji wa Marekani na Japani wameliona, na bandarini linakungoja na ushuru wa uchakavu, maana sheria haitofautishi kati ya gari chakavu na gari la kumbukumbu. Kwa hiyo usione aibu kuanza na Toyota Celica ya miaka ya sabini, au Ford Escort, au Datsun Violet, ndugu wa ile iliyompa Mehta ushindi wa mfululizo miaka minne kuanzia 1979. Hata Pijo 504 haina cha kuona haya. Ninachokuomba ni kimoja: usinunue gari lililozeekea pwani. Chumvi ya Tanga na Dar es Salaam hula bati kimyakimya, kuanzia chini ya mazulia na chini ya betri, mahali ambapo muuzaji amepaka rangi nyeusi nzito akakuambia ni kinga. Chukua bisibisi, gonga. Bati zima hulia kama kengele. Lililooza hujibu kama mkate uliolowa.

Kazi yenyewe huanza kwa kuvua. Viti, mazulia, dashibodi, vioo, waya zote, mpaka gari libaki ganda. Watu wengi wanakimbia hatua hii kwa kuwa haina picha nzuri ya kuwatumia marafiki, na ndiyo inayoamua mengine yote. Gari kama 240Z halina chesesi ya pekee kama pikapu. Bodi ndiyo chesesi. Barabara ya vumbi yenye migongo midogo midogo kama bati la nyumba hulitikisa mara maelfu kwa saa, na pale mabati mawili yalipounganishwa kwa nukta chache za kiwandani, nukta huanza kuachia moja moja. Dawa ni kuchomelea maungio hayo upya, vipande vifupi vifupi vyenye nafasi kati yake ili joto lisipinde bodi. Fundi mwenye haraka atachoma mstari mmoja mrefu na kukurudishia gari ambalo mlango wake haufungi.

Chini ya injini kunawekwa ngao. Walio na pesa hutumia alumini nene. Walio Korogwe hutumia bamba la chuma lililokatwa kwenye karakana ya kuchomelea mageti, na linafanya kazi, ilimradi ukumbuke mambo mawili. Uache tundu la kumwagia oili, vinginevyo kila sevisi itakuwa kushusha bamba zima. Tena usilifunge kiasi cha kuzuia hewa, kwa sababu injini inayolindwa dhidi ya mawe na kuuawa kwa joto ni injini iliyokufa vilevile. Mabomba ya breki na ya petroli, ambayo kiwandani hupita chini ya gari, yanahamishiwa ndani, yakifuata ukingo wa sakafu. Jiwe la Handeni halina adabu kwa bomba la shaba.

Shokapu na springi ndizo zitakazokula fungu kubwa la pesa, na hapo sina ushauri wa kubana. Gari linainuliwa kidogo, springi zinaongezwa ugumu, lakini ugumu usipite kiasi. Gurudumu linatakiwa liende chini na juu kwa urefu, likilifuata shimo badala ya kulirukia. Shokapu ya bei nafuu ikifanya kazi mfululizo kwenye migongo ya vumbi hupata moto, oili yake inakuwa nyepesi kama maji, na gari linaanza kudunda kama mpira. Bushi ni suala jingine. Mafundi wetu wana ufundi wa kuchonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu, na kwa gari la kupeleka mahindi sokoni nimeziona zikidumu. Kwa mbio sizipendi. Zinakuwa ngumu upande mmoja na laini upande mwingine, na usukani unaanza kuwa na maoni yake.

Kisha njoo kwenye nati. Kama makala hii ingekuwa na nafasi ya aya moja tu, ningeiandika hii. Mtikisiko wa vumbi hufungua nati kama vidole vya mwizi, bila kelele. Kila nati muhimu ya gari la mbio iwe ile yenye pete ya nailoni ndani yake, au ifungwe nati mbili kwa pamoja, au ipitishiwe waya wa kuizuia isizunguke. Baada ya kuikaza kwa kipimo, chukua brashi ndogo na rangi ya njano, upige mstari mmoja unaopita juu ya nati na kuingia kwenye chuma kinachoishika. Kuanzia hapo huhitaji spana kujua hali. Ukilala chini ya gari na tochi na kukuta mstari umevunjika, nati imetembea. Ufundi huu ni wa senti chache na nimeuona ukipuuzwa na watu waliolipia rangi ya bodi fedha ambazo zingenunua injini ya pili.

Joto linastahili muda wake, hasa Korogwe. Mji umekaa chini, kwenye bonde la Mto Pangani, na mwezi wa pili hewa yake haisogei. Injini ya 240Z ina tabia moja inayojulikana na kila aliyewahi kuimiliki: kabureta na mabomba ya kutolea moshi viko upande mmoja, kabureta juu, moshi chini yake. Ukisimama kwenye foleni ya mizani au kwenye kituo cha ukaguzi, joto linapanda na petroli inachemkia ndani ya kabureta. Unapiga stata, injini inakohoa, haishiki. Watu humlaumu fundi umeme. Tiba ni bamba jembamba la kukinga joto kati ya viwili hivyo, bomba la petroli lililosogezwa mbali na lililofunikwa, na njia ya kurudisha petroli tangini ili isikae ikisubiri kuiva.

Rejeta, kwa upande wake, ni mahali ambapo uzee ni faida. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na shaba huzibwa kwa risasi na jiko la mkaa hata chini ya mwembe. Rejeta za siku hizi zina vichwa vya plastiki, zikipasuka ni za kutupa. Ombi langu kwa mafundi wetu, na najua nitachukiwa, ni waache tabia ya kung'oa thamostati. Imekuwa kama ibada: gari likichemsha mara moja, thamostati inatupwa. Injini isiyo nayo huchelewa kufikia joto lake, oili haitandi inavyotakiwa, silinda zinakwanguka polepole, na tatizo la awali, ambalo kwa kawaida ni rejeta iliyoziba au feni legevu, bado lipo palepale. Uking'oa kipimajoto cha mgonjwa, homa haijashuka.

Nalisema hili kwa kuwa lilinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka Handeni na Corolla ya mwaka 1978, gari nililojiaminisha kuwa limeandaliwa. Karibu na Sindeni mpira wa juu wa rejeta ulipasuka, mpira ambao nilikuwa nimebadilisha plagi, pointi, kondensa na kila kitu kilichouzunguka isipokuwa wenyewe, kwa sababu kwa nje ulionekana mzima. Anayeijua Handeni anajua maana ya kuomba maji huko. Mradi mkubwa wa maji wa wilaya hiyo huyavuta kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na bomba likikauka watu hupanga ndoo toka alfajiri. Visima vingine vina maji ya chumvi ambayo hata rejeta haiyataki. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani alisimama, akanitazama, akatazama mvuke, akaitua. Alinipimia majagi mawili. Nilipotaka kumlipa alisema, baba, lipeleke gari nyumbani likapumzike. Tangu siku hiyo sipiti njia ile bila dumu la lita ishirini na mipira miwili mipya, na kila mpira wa gari langu, wa maji, wa petroli au wa breki, una tarehe iliyoandikwa kwa kalamu nyeupe.

Vumbi lina kanuni zake. Watu wanadhani ukifunga vioo vyote umelizuia. Kinyume chake, gari linalokimbia likiwa limefungwa huvuta hewa kutoka nyuma, kupitia kila tundu la buti, na hewa ya nyuma ya gari ndiyo yenye vumbi lote. Ndiyo maana magari ya mbio yana kidirisha kidogo juu ya paa kinachotazama mbele. Hewa inaingia kwa nguvu kupitia hapo, inakijaza chumba cha ndani, na kulisukuma vumbi litoke badala ya kuingia. Baada ya jaribio la kwanza usilioshe gari. Fungua buti uchunguze. Vumbi jekundu limechora mistari myembamba mahali lilipopenya, na mistari hiyo ni ramani ya kazi ya kesho. Filta ya hewa ya karatasi nayo huziba haraka; ya sponji iliyolowekwa oili huoshwa, hukamuliwa na kurudishwa njiani.

Kuhusu kuongeza nguvu za injini nitasema machache, kwa sababu sioni haja. Ishushwe, ifunguliwe, ringi na beringi ziwe mpya, gasketi mpya, kabureta zioanishwe, basi. Kila farasi unayemwongeza anaomba breki zaidi, klachi zaidi, difu imara zaidi na petroli zaidi. Breki ndizo zianze: silinda zote zifunguliwe na mipira yake ibadilishwe, na mafuta ya breki yamwagwe yote, kwa kuwa hunywa unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka, na kwenye mteremko mrefu unyevu huo huchemka na kuwa mvuke. Unakanyaga, mguu unakwenda hadi sakafuni. Atakayekumbwa na hilo akishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo hatahitaji kusimuliwa mara ya pili.

Hapo msomaji atasema: hayo yote ni ya viwanda, ya watu wenye magari ya sevisi na helikopta. Nitamjibu kwa Volvo moja. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta Safari magari yake aina ya PV544, gari ambalo umbo lake lilibuniwa miaka ya 1940 na lilikuwa linakaribia kustaafu. Mojawapo, la dereva Tom Trana, halikumaliza. Likabaki Afrika Mashariki kama mali iliyotumika. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi ambaye aliwahi kuajiriwa kuzunguka barabarani akiwasaidia wanachama wa chama cha wenye magari walioharibikiwa, alilichukua, akalifungua na kulifunga upya. Pasaka ya 1965 akaingia nalo pamoja na mdogo wake Jaswant. Walishinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu. Kilichokishinda kiwanda, fundi alikiweza kwa gari lilelile, likiwa mitumba. Mtu aliyezoea kukuta magari ya wenzake yamekufa porini alijua yanakufa kwa nini, na nadhani elimu hiyo ilimfaa kuliko farasi wowote.

Wakati huo kulikuwa na ujanja mwingine ambao leo unachekesha. Magari ya Safari yalifungwa vishikio nyuma, na mahali pa kukanyagia. Tope likizidi, msoma ramani alishuka, akapanda nyuma kama kondakta wa daladala, akarukaruka ili uzito wake uyape magurudumu ya nyuma mng'ato. Gari likishika, hakuna kusimama. Alining'inia hivyohivyo hadi ardhi kavu. Kama unaandaa gari la magurudumu mawili ya nguvu kwa udongo wetu, vishikio hivyo bado ni vya lazima, na msoma ramani mchague kwa uvumilivu, si kwa urafiki. Tairi ziwe nyembamba kuliko unavyotamani, zikate tope badala ya kuogelea juu yake. Kwa rimu za inchi 14 utapata tairi ngumu za vipanya na pikapu ndogo bila kuagiza mbali. Beba mbili za akiba.

Kuna kipengele kimoja ambacho sikubali mzaha wala kubana matumizi. Keji ya mabomba ndani ya gari itengenezwe kwa bomba lisilo na mshono, lililokunjwa kwa mashine, na kuungwa na bodi kwenye mabamba mapana. Bomba la maji la dukani lililokunjwa kwa moto wa mkaa hugeuka kisu gari likipinduka. Viti vya kushika mwili, mikanda yenye ncha nyingi, kofia ngumu mbili, mtungi wa kuzimia moto unaofikika ukiwa umefungwa mkanda, na swichi ya kukata umeme wote ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia. Vitu hivi havina mlio. Vina bei.

Na karatasi. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni ya watu wote: kuna watoto wa shule, wapanda baiskeli wenye magunia ya mkaa, mbuzi, na malori ya machungwa. Kikomo ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na gari la mbio likiwa na vibandiko vyake vyote ni gari kama mengine mbele ya trafiki. Kushindana hufanyika kwenye vipande vilivyofungwa kwa kibali, chini ya chama cha magari cha taifa, AAT, kukiwa na daktari, wapima muda na serikali za vijiji zilizoarifiwa. Mkoa wa Tanga umebarikiwa kwa hili: njia za ndani ya mashamba ya mkonge zimenyooka, zina vumbi zuri la mazoezi, na zina mwenye mali mmoja wa kuombwa ruhusa. Magari ya kizazi kile nayo hayajakosa uwanja. Tangu 2003 kuna Safari ya magari ya kale inayofanyika kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kituo chake kikiwa Kenya na mara nyingine ikivuka mpaka kuja kwetu; ya kwanza ilichukuliwa na Rob Collinge kwa Datsun 260Z, mdogo wa ile 240Z ya 1971. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Björn Waldegård, akikaribia umri wa miaka 70, mwanawe amekaa kiti cha pili. Hiyo ni mbio ya wenye mifuko. Lakini klabu za mbio za ridhaa hapa nchini zimeanza na magari mabovu zaidi ya lile la Joginder.

Sasa jaribio. Ratiba yangu ninayoipendekeza inaanza Korogwe saa kumi na mbili asubuhi, tangi nusu, zana zote zimefungwa kwa mikanda kwa sababu jeki inayoruka ndani ya gari ni adui wa pili. Kilomita 65 za lami hadi Handeni ni za kusikiliza tu. Mwendo wa kawaida, redio haipo, mnasikiliza beringi, difu, feni. Chanika, mjini Handeni, mnasimama kunywa chai na chapati, na wakati chai inapoa mnashika kila gurudumu kwa kiganja: lenye joto kuliko wenzake lina breki iliyoganda au beringi inayolia. Watoto watakuwa wameshakusanyika. Watauliza kama gari ni la mzungu. Wajibuni ni la fundi.

Kutoka hapo mnashika njia ya Kibirashi, ambako lami inajengwa kwa vipande na vumbi halijaisha. Nilipoifanya safari hii mara ya mwisho na rafiki yangu mwenye Celica, tulikwenda kilomita thelathini za vumbi kwa mwendo wa wastani, tukageuza. Gari halikuchemsha, halikukohoa, na rafiki yangu alikuwa ameshaanza kuimba. Tukaliingiza chini ya mkwaju, nikajilaza na tochi. Mistari ya njano kwenye mikono ya mbele ilikuwa imenyooka. Kwenye difu, nati mbili zilikuwa zimetembea robo mzunguko kila moja. Ya tatu haikuwepo.

Tuliitafuta barabarani kwa dakika chache, kwa kujifurahisha tu, kisha tukafunga ya akiba na kurudi Korogwe polepole, dumu la maji likigonga nyuma ya kiti. Mabasi ya mchana yalikuwa yameshaondoka. Rafiki yangu aliagiza kuku, akakaa akiutazama mlango wa gereji ng'ambo ya barabara, akaniuliza kama fundi wa difu hufungua Jumapili.